Sarafu zina kutu, ukijani au weusi na hakuna anayezipokea? Angalia dalili yake kwanza

Januari ikifika vibubu vinavunjwa. Sare, madaftari, viatu, michango, na hapo ndo watu wanakuta mia mbili zimeota ukijani, jero (za mia tano) zina kutu, hamsini zimeshikana tatu tatu, wakizipeleka dukani muuzaji anazirudisha kwa kidole, "hii haipiti mama, nipe nyingine." Maswali yanayofuata ni yale yale, awe mtu wa Majengo, Nkuhungu, Bahi au Kibaigwa huku Dodoma, ndo maana nimeyapanga kwa dalili, wewe angalia sarafu yako ikoje alafu nenda kwenye tatizo lako.

Ila jambo moja mapema kabla hujashika chochote. Tunachotaka ni sarafu isomeke na isimchafue mkono anayeipokea, basi. Kung'aa sio lengo. Sarafu nyingi zinazoharibika kabisa haziharibiwi na kutu, zinaharibiwa na mtu anayetaka zing'ae, anachukua waya wa sufuria, mchanga, msasa, mwingine mpaka asidi ya betri. Jero ni chuma kilichopakwa nikeli kwa juu na ule mpako ni mwembamba sana, ukishaukwangua umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia kutu, kwahiyo leo inang'aa na baada ya muda mfupi inarudi mbaya kuliko mwanzo.

Anza hapa: zitenganishe kwa sumaku

Mafundi redio wana spika zilizokufa, muombe mmoja sumaku. Pitisha juu ya sarafu zako zote. Ya 500 yenye Karume na nyati, ile iliyoingia 2014 kuchukua nafasi ya noti ya 500 iliyokuwa inachakaa haraka, inavutwa. Ya 100 ya Nyerere na swala, na ya 50 ya Mwinyi na kifaru, nazo zinavutwa kwasababu ndani ni chuma, ile rangi ya njano ni mpako tu. Ya 200 yenye Karume na simba kwa kawaida haivutwi, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki mwili mzima. Usikariri sana, iache sumaku iseme, inayovutwa weka kulia na isiyovutwa weka kushoto.

Kwanini nasisitiza hili? Kwasababu ukiziloweka pamoja kwenye kitu kichachu, shaba inayoyeyuka kutoka kwenye sarafu za njano inaenda kujipaka kwenye chuma kilichochunika cha zile nyingine, unatoa jero ina mabaka mekundu na hapo hakuna duka litakaloipokea bila maswali.

Vifaa ni bakuli la plastiki, mswaki wa zamani uliolainika, sabuni ya maji, kitambaa cha pamba, na kidogo cha ukwaju na magadi kama itafika huko. Sufuria ya alumini usitumie, magadi yanaila na kuifanya nyeusi, na bakuli ulilotumia kwa kazi hii lisirudi jikoni.

Dalili: sarafu inanata, ina tope jekundu, mafuta, haisomeki vizuri

Hili ndo tatizo kubwa kwa idadi na ndo rahisi kuliko yote. Chanzo cha kawaida ni jasho na mafuta ya mikono yaliyoshika vumbi, na vumbi letu la Dodoma linajua kushika. Baada ya hapo kuna sarafu za mama ntilie na za chipsi zenye mafuta ya kupikia, alafu zilizofukiwa chini ya sakafu ya udongo.

Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, nusu saa, kama ni tope la kufukiwa acha usiku mzima. Usisugue kavu hata kidogo, vumbi lile lina chembe za mchanga ndani, ukisugua kavu unachora sarafu. Ikishalainika piga mswaki taratibu, suuza, FUTA IKAUKE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwasababu hapa ndo watu wengi wanafeli, wanasuuza vizuri alafu wanamwaga sarafu zikiwa mbichi kwenye kopo na kufunika.

Kama kilichonata ni jojo, weka sarafu kwenye friji mpaka jojo iwe ngumu alafu ibandue kwa ukucha au kijiti. Gundi au rangi ya kucha inatoka na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, tone moja kwenye pamba, ufanye nje na mbali na jiko maana inashika moto haraka sana.

Dalili: ukijani au ubluu, hasa mia mbili, mia na hamsini

Ukijani unatokana na shaba iliyokutana na unyevu, hewa na mara nyingi chumvi. Ukitaka kujua umetoka wapi fikiria sarafu ilikokaa:

Jasho ndo linaongoza. Pesa iliyofungwa kwenye pindo la kitenge, iliyokaa mfuko wa suruali ya konda au kwenye soksi, jasho lina chumvi na linafanya kazi polepole.

Kisha biashara zenye chumvi na maji. Wauza samaki wa Mtera, wauza dagaa, wauza chumvi, na kibubu chao kimekaa karibu na ndoo.

Kisha kibubu kilichoingiwa na maji ya mvua au kufukiwa ardhini. Maeneo ya upande wa Bahi udongo wenyewe una chumvi, sarafu ikikaa huko misimu miwili mitatu inatoka kijani pande zote.

Mwisho, na hii watu hawaifikirii, betri iliyovuja. Mtu anaweka chenji kwenye droo moja na betri za tochi au za redio, betri inatoa ule unga mweupe na majimaji yake, yanagusa sarafu. Ukiona ukijani pamoja na unga mweupe na kuna betri karibu vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mkononi, usiguse macho, futa kwanza kwa kitambaa chenye maji ukitupe hicho kitambaa, ndo uendelee.

Kabla ya dawa yoyote fanya jaribio hili, chukua kijiti cha kuchokolea meno ukune ule ukijani sehemu ndogo pembeni. Ukitoka kama unga na chini yake chuma ni laini, umekaa juu tu, sabuni na mswaki vinatosha. Ukitoka na kuacha kishimo, umeshakula ndani, hapo utasafisha lakini kishimo hakitaondoka na usijaribu kukiondoa.

Kama sabuni imeshindwa ndo uje kwenye uchachu. Sisi huku tuna ukwaju na ubuyu kila kona, hakuna haja ya kununua madawa. Ukwaju kiasi cha ngumi ya mtoto kwenye kikombe cha maji ya moto, vuruga kwa mkono, chuja makapi na kokwa, uache upoe uwe wa uvuguvugu. Tumbukiza sarafu za njano tu, zinazovutwa na sumaku peke yake na zisizovutwa peke yake, zisibebane. Dakika tano zitoe moja uipekeche kwa vidole viwili, utaona maji yanakuwa ya kijani kibichi na uso wa simba unaanza kutoka. Bado? Rudisha dakika tano nyingine. Robo saa ikipita na hakuna mabadiliko acha, kuongeza muda hakuongezi usafi, kunaongeza kula sarafu. Ndimu na siki vinafanya kazi ileile ila ni vikali zaidi, na ukiongeza chumvi kama wengi wanavyoshauriana vinakuwa vikali zaidi na zaidi, kwahiyo punguza muda uwe dakika mbili tatu.

Ikitoka kwenye uchachu usiiache hivyo. Chukua magadi, yale yale ya kupikia mlenda, kijiko cha chai kwenye nusu lita ya maji, itumbukize dakika moja kuua uchachu uliobaki, suuza, futa. Watu wanaoruka hatua hii ndo wanarudi kusema ukijani umerudi. Na naomba tuelewane, nimesema magadi, sio kostiki soda ya watengeneza sabuni. Ile inachoma ngozi na inaweza kupofua macho, haina kazi hapa.

Dalili: kutu nyekundu au ya kahawia, hasa jero

Maana yake ni moja tu, mpako umefunguka na chuma cha ndani kimeonekana. Swali ni umefunguka wapi. Chanzo kikubwa ni kuchunika kwenye ukingo kwa kugongana na kuburuzwa, angalia pembeni ya sarafu utaona mstari wa kahawia. Cha pili ni kukwanguliwa na mtu aliyeisafisha kabla yako, hapo utaona mikwaruzo imeenda upande mmoja. Cha tatu ni kukaa kwenye maji ya chumvi muda mrefu, vidoa vinaanza katikati kama vitundu vya sindano.

Njia ya kwanza ni mafuta ya kupikia. Loweka siku moja au mbili, toa, sugua kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kutu laini ya juu inatoka na kitambaa kinakuwa cha kahawia, badilisha kitambaa. Mafuta ya taa yanapenya haraka zaidi, ila fanya nje, mbali na jiko la mkaa, na usiache chupa yake watoto wanapopita maana yanafanana na maji.

Njia ya pili, kama ya kwanza haijatosha, soda ya kola. Ina asidi ya fosforasi kidogo, inalegeza kutu. Saa moja mpaka mbili, sio usiku kucha, alafu mswaki, maji ya magadi, suuza, futa, na mwisho kabisa paka tone la mafuta ya kupikia kwa kitambaa ulifute mpaka sarafu isiteleze mkononi. Lile tone linasaidia sana kwenye chuma kilichobaki wazi.

Ukwaju na siki kwenye kutu ya chuma vinafanya kazi lakini vinakula na chuma chenyewe, kwahiyo mimi sivishauri kwa jero labda kidoa kimoja kilichogoma, dakika chache, kwa pamba sehemu ileile tu.

Hapa acha kabisa: ukiona mpako umevimba malengelenge, au unabanduka kama ganda ukigusa kwa kijiti, au sarafu imekuwa nyembamba upande mmoja. Hiyo haisafishiki. Kila utakachofanya kinaongeza uharibifu, iweke pembeni na zile za benki nitakazozieleza chini.

Dalili: nyeusi tii

Vyanzo vitatu na kila kimoja kina njia yake, usichanganye.

Weusi wa moshi na masizi, sarafu ilikaa jikoni kwenye kuni au karibu na mkaa. Unafutika kwa kidole na kukiacha cheusi. Sabuni ya maji na maji ya moto, kwisha.

Weusi unaotokana na salfa au na kukaa tu muda mrefu kwenye ngozi, mpira au maboksi. Haufutiki kwa kidole. Kwa sarafu za njano ukwaju dakika chache unapunguza, na ukibaki weusi kidogo kwenye mashimo ya maandishi uache, unasaidia maandishi yasomeke.

Weusi wa moto au wa madawa ya kufulia. Mtu nyumba imeungua na kibubu ndani, au mtu ameziloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe akidhani itasafisha. Dawa zile zina klorini, hazisafishi chuma, zinakiunguza. Na hapa nina ombi kubwa: USICHANGANYE dawa ya kung'arishia nguo na siki, ndimu, ukwaju wala dawa ya chooni. Inatoka gesi ya klorini, inaziba pumzi, na kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua. Kama imetokea umechanganya na unasikia harufu kali na koo linawasha, toka nje kwanza na utoe watoto, achana na bakuli, na kama kifua kinabana au mtu anakohoa hakomi nenda hospitali bila kusubiri kesho.

Dalili: nimesafisha, imegeuka pinki au rangi ya shaba

Sarafu ya njano imekaa kwenye uchachu kupita kiasi. Zinki imeyeyuka kutoka juu, shaba imebaki. Hakuna dawa ya kurudisha ile zinki, usipoteze ukwaju wako. Habari njema ni kwamba sarafu bado ni nzima, uzito haujapungua wa kuonekana, na ikishikwa shikwa na watu rangi inatulia na kuwa ya kahawia ya kawaida. Itumie kwa mtu anayekujua, mwenye genge wako wa kila siku, umueleze. Kama ni jero ndo imepata mabaka mekundu, basi zililowekwa pamoja na za njano, hayo mabaka ni shaba iliyojipaka, sugua kwa kitambaa chenye soda ya mikate iliyolowa kidogo, mengi yatatoka.

Dalili: zimeshikana hazitengani

Usigonge nyundo na usichokonoe kwa bisibisi, zinapinda na kuchunika, na sarafu iliyopinda ni ngumu kupokelewa kuliko yenye kutu. Loweka fungu zima kwenye maji ya moto na sabuni usiku kucha kwanza, maana mara nyingi kilichozishika ni tope na chumvi tu. Asubuhi jaribu kuzizungusha kinyume kwa viganja viwili, yani unazipindua kama unafungua kifuniko, usizivute. Zikigoma zikaushe alafu mafuta ya taa siku mbili tatu, uwe unajaribu kila siku. Za ukijani zinaachia haraka kwenye ukwaju wa uvuguvugu kwasababu kilichozigandisha ni ule ukijani wenyewe.

Dalili: nimesafisha vizuri, zimekauka, zina ukungu mweupe

Hii ni maji yetu, sio kosa la dawa. Maji ya visima sehemu nyingi za huku kati yana chumvi na chokaa, ndo yanayoweka ganda jeupe kwenye birika na masufuria, yakikauka juu ya sarafu yanaacha weupe, na ile chumvi iliyobaki inaanzisha kutu upya. Suuza ya mwisho tumia maji ya mvua kama mliyakinga, au kikombe kimoja cha maji ya kunywa ya chupa kinatosha sarafu nyingi tu. Alafu futa kwa kitambaa mara moja, usizianike juani zikauke zenyewe.

Dalili: ni safi kabisa lakini bado inakataliwa

Hapa tatizo limehama kutoka kwenye uchafu. Mara nyingi muuzaji anaogopa kwamba yeye nae akiipeleka mbele itakataliwa. Mwingine anachanganya na lile tangazo la Benki Kuu la kuondoa noti za zamani, zile zilizobadilishwa kuanzia 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025. Lile lilihusu noti, matoleo ya 1985 hadi 2003 na noti ya 500 ya toleo la 2010, halikuhusu sarafu. Mwambie hivyo kwa upole, wengi wanaelewa.

Kama sivyo, ilinganishe na nzima ya thamani ileile. Zibebe moja kila mkono, zipange ukingo kwa ukingo, jaribu sumaku zote mbili. Ikiwa nyepesi, ndogo, picha haina kina, au moja inavutwa na nyingine haivutwi na zote ni za aina moja, simama hapo. Inaweza kuwa ya bandia na kuipitisha kwa mtu mwingine ukiwa unajua ni kosa, ipeleke benki au polisi ueleze ulipoipata. Vilevile iliyotobolewa kufanywa kidani, iliyokatwa au kusagwa ukingo, usijaribu kuziba au kuijaza chochote.

Wakati wa kuacha na kwenda kwa wanaohusika

Zilizoliwa sana, zilizopinda, zilizoungua, zenye malengelenge, usizing'ang'anie nyumbani. Zioshe kwa sabuni tu, zikaushe, zipange kwa thamani, mia mbili peke yake na jero peke yake, kila fungu andika hesabu kwenye karatasi, alafu nenda benki unayotumia uulize siku na saa wanayopokea sarafu, maana ukienda tarehe za mwisho wa mwezi na mfuko wa chenji utasubiri sana. Wakikataa hali yake, Benki Kuu ina tawi hapa hapa Dodoma mjini na swali la sarafu zilizoharibika ni lao. Waambie ukweli zimeharibikaje, moto, maji, kufukiwa, na usizisugue kabla ili zionekane nzuri, wanataka kuziona zilivyo.

Na kuna dharura moja inatokea zaidi pale sarafu zimemwagwa chini zinakauka na watoto wapo. Mtoto akimeza sarafu usimtapishe na usimpe tonge la ugali kuisukuma. Mpeleke kituo cha afya wapige picha, na kama anatoa mate mengi, hawezi kumeza au anapumua kwa shida kimbia sasa hivi. Hakikisha pia kilichomezwa ni sarafu kweli, kwasababu ile betri ndogo ya duara ya saa na rimoti inafanana nayo sana, na yenyewe inaunguza koo kwa ndani ndani ya saa chache tu. Kama huna uhakika ni kipi kati ya hivyo viwili, ichukulie ni betri na uwaambie hivyo ukifika mlangoni.